Nina deni la kilomita, na kisigino hakitaki kulipa

Shikamoo Kocha,

Nina miaka 41, na nimekimbia kwa miaka tisa, mitano ya mwisho kwenye njia za milimani. Nimemaliza kilomita 50 mara mbili na kilomita 80 mara moja. Mwaka jana nilijiandikisha mbio za kilomita 160, zenye kupanda jumla ya mita 8,000, na mwisho wa kufika ni saa 40. Sijawahi kujiandaa vizuri kama nilivyojiandaa safari ile, mpaka kano ya kisigino cha kushoto ilipoanza kuuma. Si kwenye kisigino chenyewe, ni juu yake kama vidole vitatu hivi. Nikapuuza. Nikameza dawa, nikaendelea. Ikafika mahali hata kupanda ngazi nashindwa, nikasimama kabisa kwa wiki 11. Waandaaji walinikubalia kuhamishia nafasi yangu mwaka huu.

Sasa zimebaki wiki 22. Nakimbia kilomita 40 kwa wiki, na ndefu kuliko zote tangu nirudi ni kilomita 18. Ratiba niliyonayo inataka muda huu niwe kwenye 75, halafu nifike 110. Kila nikiifungua naona deni linazidi kupanda. Wiki iliyopita nikajaribu kulipa kidogo, nikafika 58. Asubuhi yake nilishuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani, hatua kama kumi, ndipo mguu ukalainika.

Wenzangu wa kikundi wanasema nimeze dawa ya maumivu kabla ya mbio ndefu, na siku yenyewe nimeze kila baada ya saa sita. Mume wangu anasema niachane nayo, mguu hauazimwi. Mimi nimekuwa kama yule aliyeumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Kila kitu kikinigusa mguuni najiuliza kama ndiyo imerudi.

Niambie ukweli. Inawezekana? Nitalipaje kilomita nilizokosa? Na hizo dawa, nizimeze au nisizimeze?

Mwenye Deni

*

Marahaba, Mwenye Deni.

Inawezekana. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua macho yako yangeruka mistari yote kulitafuta. Ila kwa ratiba hiyo haiwezekani, na tatizo linaanzia kwenye hilo jina ulilojipa. Hakuna anayekudai. Mwili hauna daftari la kilomita ulizokosa. Unachojua ni mzigo uliobeba wiki chache zilizopita, na mzigo wa leo unaupima kwa huo. Wewe umetoka 40 ukaenda 58 kwa wiki moja, karibu nusu nzima juu ya ulichozoea. Mapafu yalikubali, mapaja yakakubali, maana hivyo hurudi upesi. Kano hairudi upesi. Haipati damu nyingi kama msuli, hujijenga polepole, na ina tabia ya kunyamaza ukiwa njiani halafu kulalamika kesho yake, wakati umeshajipongeza. Ndiyo maana watu wengi wanaorudi kutoka kwenye jeraha hili huumia mara ya pili katika wiki ambayo walijisikia vizuri kuliko zote.

Kwa hiyo ratiba hiyo ichane. Kuanzia sasa usihesabu kilomita, hesabu saa, na hakimu wako awe asubuhi.

Zile hatua kumi za kwenye ngazi ni kipimo kizuri kuliko saa yoyote ya mkononi. Weka daftari kando ya kitanda. Kila ukiamka, kabla ya kuvaa kitu miguuni, shuka ngazi zilezile, hesabu hatua mpaka mguu ulainike, kisha yape maumivu namba kuanzia 0 hadi 10. Andika. Wakati wa mazoezi namba ikipanda kidogo si dhambi. Wataalamu wengi wa viungo huruhusu hata 5, mradi kufikia kesho yake asubuhi iwe imerudi ilipokuwa. Wewe nakuwekea 3. Umekiri mwenyewe kwamba ulipuuza ukameza dawa, na mtu wa namna hiyo 3 yake ni 5 ya mwenzake. Asubuhi ikija na hatua nyingi kuliko jana, siku hiyo na inayofuata hukimbii. Endesha baiskeli, ogelea, tembea tambarare. Ikija vilevile au pungufu, endelea na kilichopangwa. Hii itakusaidia hata na huo ung'ongo, kwa sababu kitu kikikugusa njiani hulazimiki kuamua palepale kama ni nyoka. Punguza mwendo, maliza, lala, usome namba ya asubuhi.

Sasa kitu ambacho hukukitaja kabisa, na kimya hicho kimenitisha kuliko zile 58. Huna zoezi lolote la kisigino? Wiki 11 za kupumzika zilipoza maumivu tu. Nguvu hazikuongeza, zilipunguza.

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, kidole kimoja kikigusa ukuta kwa ajili ya kujisawazisha tu. Inuka kwa miguu yote miwili. Hamishia uzito wote mguu wa kushoto, halafu shuka taratibu, taratibu kweli, mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Rudi juu kwa miguu miwili. Mara 15, raundi 3 goti likiwa limenyooka, kisha raundi 3 nyingine ukiwa umelikunja kidogo, maana shavu la mguu lina msuli wa ndani ambao goti lililonyooka haliufikii vizuri. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 1998 na Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Uswidi pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anasumbuliwa na kano hiyo, mkubwa wake akakataa kumpasua, naye kwa hasira akaamua kuitesa kwa mazoezi mpaka ikatike ili wasiwe na la kusema. Ikapona.

Likishakuwa jepesi usiongeze idadi, ongeza uzito kwenye mkoba wa mgongoni. Asiyeweza mara mbili kwa siku anaweza kwenda kwa mzigo mzito zaidi, polepole, mara 3 kwa wiki. Matokeo yameonekana kukaribiana. Na msomaji ambaye maumivu yake yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, asishushe kisigino chini ya ukingo. Afanyie sakafuni.

Leo jioni jipime. Simama kwa mguu mmoja sakafuni, inuka kwa vidole juu kabisa, shuka, hesabu. Lengo ni 25 safi kila mguu. Nabashiri kushoto utaishia 12 au 14, halafu uanze kudanganya kwa kuinama mbele na kukunja goti. Udanganyifu usiuhesabu.

Nikiwa hapo hapo niseme: mimi sijakugusa mguu. Mtaalamu wa viungo akuone mara moja angalau, akubonyeze, aseme kama ni hicho tunachodhani. Na siku ukisikia kitu kimelia "tap" nyuma ya mguu, kama umepigwa teke na mtu ambaye hayupo, halafu ukashindwa kuinuka kwa vidole, hapo hakuna cha asubuhi wala daftari, ni hospitali siku hiyohiyo. Ukiugua kitu kingine na ukaandikiwa dawa ya bakteria ya jamii ya ciprofloxacin, mweleze daktari habari ya kano yako kabla hujaipokea, kwa sababu dawa hizo zinajulikana kudhuru kano hii hii.

Turudi kwenye mbio. Chukua kalamu. Saa 40 kwa kilomita 160 ni kilomita 4 kwa saa. Tuseme kuna vituo 14 vya huduma na kila kimoja unakaa dakika 10. Hizo ni saa 2 na dakika 20 za kukaa. Kupanda, ukiwa unatembea kwa bidii ya kawaida, weka mita 500 za kwenda juu kwa saa. Mita 8,000 zitakula saa 16. Zinabaki saa 21 na dakika 40. Kama miinuko yenyewe itachukua kilomita 60 hivi, zilizobaki 100 za mteremko na tambarare unatakiwa uziende kilomita 4.6 kwa saa. Mtu anayewahi gari hutembea haraka kuliko hapo.

Sisemi ni rahisi. Kilomita 4.6 saa ya 33, usiku wa pili, kwenye mawe, ni kitu kingine kabisa. Ila umeona hesabu inataka nini? Haitaki mtu anayeweza kukimbia 110 kwa wiki. Inataka mtu anayeweza kutembea vizuri kwa saa nyingi, akakimbia pale panapokimbilika, na asiharibike. Wakimbiaji wa barabarani huona haya kutembea. Mimi nilikuwa hivyo. Mbio zangu za kwanza za umbali huo nilikimbia kila kilima mpaka kilomita ya 70 kwa sababu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wananiangalia, na kilomita ya 110 haohao wakanipita wakitembea, wanapiga soga.

Na kama mguu mbovu unakutia aibu, mbio hizi zenyewe zimetokana na mguu mbovu. Gordy Ainsleigh alikuwa mpanda farasi katika mashindano ya farasi ya maili 100, yaani kilomita 160 hivi, huko California. Mwaka 1973 farasi wake akachechemea, akatoka. Mwaka 1974 akaja bila farasi, akaifuata njia ileile kwa miguu yake, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo zilipozaliwa mbio za miguu za Western States, ambazo watu leo huomba kwa miaka kabla ya kupata nafasi.

Kupanda ndiko kunakoisumbua kano yako kuliko kushuka. Ukipanda kwa ncha ya mguu, kisigino kinaning'inia na kano inavutwa ikiwa imebeba uzito wote. Kwa hiyo jifunze kukanyaga kwa nyayo nzima. Tafuta jiwe au mzizi wa kuegemeza kisigino, pakiwa pakali sana pinda kushoto na kulia badala ya kwenda moja kwa moja, fupisha hatua. Tumia fimbo mbili, lakini uzizoee sasa, maana mabega yasiyozoea nayo hugoma. Soma sheria kwanza: Western States, kwa mfano, haziruhusu fimbo. Viatu usibadilishe kwa kusikia vya fulani. Ukihamia vyenye kisigino cha chini kuliko ulivyozoea, kano inaongezewa kazi bila wewe kujua. Cha kubadilisha ni saizi tu, nusu namba juu, kwa sababu miguu itavimba.

Kushuka kunaua mapaja. Msuli unafanya kazi ya breki huku unarefuka, na ndiyo maana siku ya pili watu hushuka vitandani kama wazee. Habari njema ni kwamba ukishayaumiza mapaja kidogo kwa mteremko mrefu, yanajikinga kwa wiki kadhaa. Mteremko mmoja wa maana kila baada ya wiki mbili unakutosha.

Wiki zako ziende hivi, kwa kukadiria. Wiki 12 za mwanzo kimbia siku 3 tu, zisifuatane, kano ipate kama saa 48 baina ya mizigo mikubwa. Siku mbili nyingine tembea mlimani na mkoba mgongoni, anza na saa 2. Kwa jumla uko kwenye saa 6 kwa wiki, ukipanda taratibu, na kila wiki ya nne unapunguza hata kama unajisikia simba. Visigino vikishafika 25, Jumamosi kimbia na kutembea saa 4 au 5, Jumapili tembea tu, saa 3 au 4, miguu ikiwa imechoka. Usizidi saa 12 kwa wiki. Wiki ya 14, yaani zikiwa zimebaki 8, fanya siku moja ya saa 9 au 10 kwenye njia inayofanana na ya mashindano, na kila kitu utakachobeba siku ile. Wiki 3 za mwisho ni za kupunguza, na ndizo utakazozichukia kuliko zote.

Siku hiyo ya saa 10 ndiyo mtihani, na nataka tukubaliane sharti lake leo ukiwa na akili timamu. Baada yake, asubuhi mbili zinazofuata namba isizidi 3, na asubuhi ya tatu iwe imerudi kwenye kawaida yako. Ikigoma, pumzika wiki, jaribu tena mara moja kwa saa 7. Ikigoma tena, waandikie waandaaji uombe kuhamia umbali mfupi kama wanao, au ujitoe. Andika sharti hili kwenye daftari lilelile, mume wako aweke sahihi. Si kwa sababu yeye ndiye mwenye ruhusa. Ni kwa sababu yeye hatakuwa na hamu ya kukudanganya.

Dawa: usizimeze. Ibuprofen, diclofenac na ndugu zao hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Siku ya mbio figo zitakuwa tayari na shida mbili, maji yamepungua mwilini na misuli iliyochanika inamwaga uchafu wake kwenye damu. Ukiongeza dawa unazibana kutoka pande zote. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, huo si uchovu, simama umtafute daktari wa mashindano. Tena dawa hizo huongeza uwezekano wa chumvi ya damu kushuka, hasa kwa anayekunywa maji kupita kiu. Na mazoezini ndiyo kabisa: unamziba mdomo shahidi wako wa asubuhi, halafu unasema kesi imeisha. Hivyo ndivyo ulivyofika kwenye zile wiki 11.

Njiani lazima kitu kitauma, na utahitaji kujua ni maumivu ya namna gani. Yale yanayohama, goti la kulia sasa, baada ya saa moja nyonga, kisha mapaja yote mawili, hayo ni ya safari na utayazoea. Yanayokaa sehemu moja, upande mmoja, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, na yanazidi kila saa, hayo ni jeraha. Yakikufanya uchechemee mpaka mwendo ubadilike, na ukikaa kituoni dakika 20 ukiinuka bado unachechemea, vua namba kifuani.

Chakula nitakwambia kwa kifupi kwa sababu umeshafika kilomita 80, si mgeni. Utahitaji wanga gramu 60 hivi kwa saa, na tumbo hufundishwa kama mguu, kwa hiyo anza na 40 kwenye matembezi ya mlimani sasa hivi. Kunywa kwa kiu. Baada ya saa 15 vitu vitamu vitakuchefua, uwe na kitu cha chumvi, viazi vya kuchemsha au supu.

Usiku wa pili hujawahi kuuona, na hakuna zoezi linaloufikia. Fanya matembezi mawili ya usiku ili uzoee tochi ya kichwani na kivuli chako mwenyewe, na wiki ya mwisho lala kadiri unavyoweza. Njiani, macho yakianza kufumba, lala dakika 20 kituoni, mtu akuamshe. Usingizi huo huokoa muda kuliko unavyoula. Mimi niliwahi kukataa, na kabla ya alfajiri nikamwamkia mzee mmoja aliyekaa kando ya njia. Hakuitika. Nikarudia, nikaona hana adabu. Nilipomkaribia na tochi, kilikuwa kisiki.

Jumapili niandikie mambo mawili: hatua ngapi kwenye ngazi, na visigino vingapi kushoto na kulia. Na zile dawa zilizo kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wako, najua zipo, zitoe leo.

Kocha